Semei Kakungulu: Jemadari Aliyeikataa Sindano



Kwanza tuondoe mkanganyiko. Likitajwa jina la Kakungulu katika vikao vyetu, wengi humkumbuka Prince Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, aliyewaongoza Waislamu wa Uganda kwa miaka mingi na kufariki mwaka 1991. Makala hii haimhusu yeye. Namzungumzia Semei Kakungulu, mtu wa kizazi kilichotangulia, ambaye hakuwa Mwislamu, na ambaye ujanani mwake alipigana vita na Waislamu. Kwa nini basi apewe kurasa katika jarida letu? Kwa sababu ya mtoto mmoja wa kwetu Busia.

Mimi ni wa Busia upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka. Shangazi yangu ana mjukuu wa kiume wa miaka mitano. Mtoto huyu alipokuwa na miaka miwili alikuwa ameanza kusema maneno yake machache. Msimu mmoja wa mvua akapata malaria kali, degedege likamshika, akalala hospitali siku mbili bila fahamu. Alipoamka alikuwa hai, Alhamdulillah, lakini maneno hayakurudi. Leo hasemi, huziba masikio akisikia kelele, na mara kwa mara huanguka kifafa. Miezi kadhaa kabla ya homa ile alikuwa amechanjwa surua. Basi ukoo umeshatoa hukumu: ni sindano. Na sasa mama yake, ambaye kwangu ni dada, amejifungua mtoto wa pili. Nilipokwenda likizo mtoto alikuwa na miezi miwili na hajapata chanjo hata moja. Hata matone ya polio hajapewa. Shangazi ndiye aliyekataza, na neno la shangazi kwetu halipingwi na kijana anayesoma.

Sikumpinga. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, tukazungumza mengine. Ila niliporudi chuoni nilianza kumsoma Kakungulu, kwa sababu nilishasikia kwamba nchi yetu hii ya Bukedi iliwahi kuwa na mkubwa aliyezikataa dawa za Wazungu, na nilitaka kujua ilikuwaje.

Semei Kakungulu alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Kooki, ufalme mdogo uliokuwa kusini magharibi mwa Buganda. Alifika Buganda akiwa kijana, enzi ya Kabaka Mwanga, akajulikana kama mwindaji hodari wa tembo. Kuwinda tembo maana yake ni kujua bunduki, na mtu ajuaye bunduki wakati ule hakukosa kazi. Akaingia katika kundi la wasomaji wa Kiprotestanti na kubatizwa Semei.

Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa. Muda si mrefu Waislamu wakashika madaraka mjini, wakamweka Kalema kwenye kiti cha Kabaka, na Wakristo wakakimbilia Nkore. Sisi huisoma historia hiyo kwa majonzi, kwa sababu utawala ule ulidumu mwaka mmoja tu na kidogo. Jemadari mmojawapo aliyeuangusha alikuwa Kakungulu. Aliongoza majeshi ya Wakristo katika vita vya 1889 na 1890 vilivyomrudisha Mwanga. Tukubali tu kwamba alikuwa fundi wa vita.

Baada ya ushindi alipanda cheo hadi akawa Kimbugwe, mmoja wa wakubwa wa juu kabisa wa Buganda, na akaoa katika ukoo wa kifalme. Lakini Katikkiro alikuwa Apolo Kaggwa, na fahali wawili hawakai zizi moja. Kaggwa alikuwa mtu wa ofisi, wa kalamu na wamisionari. Kakungulu alikuwa mtu wa safari, wa watu wanaomfuata kwa mapenzi na kwa matumaini ya ng'ombe na ardhi. Akashindwa siasa za mji, akahamia mashariki, Bugerere, na huko akaanza kujijengea dola lake. Tarehe 9 Aprili 1899 alikuwa katika kikosi kilichowakamata Mwanga na Kabalega wa Bunyoro huko Lango. Mwanga ni yule yule aliyempigania miaka kumi nyuma. Wote wawili wakapelekwa uhamishoni Shelisheli.

Waingereza walimhitaji kwa sababu hawakuwa na askari wala fedha za kuitawala nchi ya mashariki ya mto Nile. Kakungulu alizungumza na Kamishna Harry Johnston akaelewa, au akataka kuelewa, kwamba akiiteka nchi hiyo atakuwa Kabaka wa Bukedi. Akajenga ngome Budaka, akatawanya mawakala wake wa Kiganda hadi Teso na Budama. Huku kwetu Tororo na Samia-Bugwe utawala ulikuja kwa njia hiyo hiyo: wakala wa Kiganda, bunduki, kodi, barabara iliyochimbwa kwa lazima, na Luganda kuwa lugha ya baraza. Wapadhola walipinga. Wazee wetu hawana wimbo wa kumsifu. Hata hivyo, ndugu msomaji, baadhi ya wafuasi na mawakala hao walikuwa Waislamu, na misikiti mingi ya mwanzo ya mashariki ilitokana nao. Dini yetu ilifika sehemu hizi ikifuata msafara wa mtu aliyewapiga Waislamu Mengo. Mipango ya Allah haina mfano.

Ufalme hakuupata. Mwaka 1902 Waingereza walimwondoa Budaka, wakampa maili 20 za mraba Mbale, chini ya mlima Elgon. Mwaka huo huo walihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda likawa chini ya himaya ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya. Ndiyo maana Wasamia wako pande mbili, Wateso wako pande mbili, na mama wa Busia anaweza kuwa na kadi ya kliniki ya Uganda kwa mtoto mmoja na kijitabu cha Kenya kwa mwingine. Kakungulu alifika mahali palipokuwa pori akapanda migomba na miti, akanyoosha barabara, na mji wa Mbale ukakua hapo. Halafu wakamhamisha tena. Mwaka 1906 walimpeleka Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga, akakaa huko mpaka 1913.

Hapa nataka tutue kidogo, kwa sababu wanaosimulia maisha yake huiruka miaka hii ya Busoga, na mimi naona ndiyo ufunguo. Ilikuwa miaka ya malale. Ugonjwa ule ulianza karibu mwaka 1900 ukapita pwani yote ya ziwa, Buganda, Busoga hadi Samia, na watu zaidi ya 200,000 wakafa. Gavana Hesketh Bell aliamuru pwani ihamwe, vijiji vikachwa vitupu. Daktari mkubwa wa Ujerumani, Robert Koch, alikuja visiwa vya Ssese mwaka 1906 na dawa iitwayo atoxyl, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Wagonjwa wengine walipata nafuu kwa muda. Wengine walipofuka macho kwa dawa hiyo hiyo. Sindano ya kwanza ambayo watu wengi wa ziwa letu waliisikia habari zake ilikuwa sindano ya kupofusha. Mtu anayemcheka babu yake kwa kuogopa sindano akumbuke hilo.

Na mifugo? Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890. Chanjo yake ya mwanzo ilikuwa ni kumtia ng'ombe damu yenye ugonjwa pamoja na seramu ya kumkinga, na baadhi yao walikufa kwa chanjo yenyewe. Mwenye ng'ombe watatu akifiwa na mmoja baada ya mzungu kumchoma, utamwambia nini?

Kakungulu alirudi Mbale akiwa mtu aliyechoka na mwenye kinyongo. Cheo kimeondoka, ufalme hakuupata, na ardhi yake yenyewe ilikuwa ya mabishano. Wakati huo Buganda kulizuka dhehebu jipya. Waasisi wake walikuwa Joswa Kate, mkubwa mwenye cheo cha Mugema, na mwalimu aitwaye Malaki Musajjakawa. Watu waliwaita Wamalaki. Walibatiza bila masharti marefu ya wamisionari, kwa hiyo watu wakamiminika kwa makumi ya maelfu. Na walikuwa na nguzo moja ya pekee: dawa ni haramu. Walisimamia maneno ya Kumbukumbu la Torati yanayowakataza Wana wa Israeli kwenda kwa wachawi na waaguzi. Katika Luganda, neno musawo ni la mganga wa hirizi na pia ni la daktari wa hospitali. Msomaji wa kawaida akaona Mungu amemkataza musawo, basi. Tusiwacheke kwa hilo pia. Sisi tunaosema Kiswahili tuna Mganga Mkuu wa Wilaya mwenye koti jeupe, na tuna mganga wa kibuyu.

Wamalaki walikataa kuchanjwa ndui na tauni, wakakataa hata ng'ombe wao wasichanjwe, na hilo la ng'ombe ndilo lililowagombanisha kwanza na serikali. Kakungulu alijiunga nao, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima kubwa mashariki, wafuasi wake walimfuata. Hebu tulione lilivyokuwa. Mtu mmoja mwenye jeraha na Waingereza anakataa kitu cha Waingereza, na uamuzi wake unawaangukia watoto wa watu wasiojua habari za Johnston wala za Budaka. Mimi ninavyomwona, sindano kwake haikuwa suala la tiba hata kidogo. Ilikuwa ni mkono wa watu waliomhadaa, na safari hii mkono huo ulitaka kumgusa mwilini.

Hakukaa sana na Wamalaki. Aliendelea kuisoma Torati mwenyewe, akaona inaamuru tohara. Wamalaki wakamwambia hiyo ni njia ya Mayahudi. Akakubali kuwa Myahudi. Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi, alitahiriwa, akawatahiri na wanawe, na kundi lake likajitenga Gangama, chini ya mlima. Ndipo walipoanza Abayudaya, Mayahudi wa Uganda. Mwaka 1920 alipita mfanyabiashara Myahudi aitwaye Yosef, akakaa nao kama miezi sita akiwafundisha sikukuu, kalenda na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha sala na maagizo kwa Luganda. Ukiwasoma wakati huo, wanatahiri, hawali nguruwe, wanachinja kwa utaratibu, utadhani ni jirani wa msikiti wetu. Jemadari wa 1889 aliishia karibu nasi kuliko alivyopenda.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, Mbale. Kilichomuua ni pepopunda.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Tusikimbilie kusema kwamba aliadhibiwa. Chanjo ya pepopunda ya kumkinga mtu kabla hajaugua ilikuwa changa mno. Ilitengenezwa Ufaransa katika miaka hiyo hiyo ya 1920, na ilisambaa duniani wakati wa Vita vya Pili. Mzee wa Mbale mwaka 1928 asingechanjwa hata angetaka. Lakini leo kinga ya pepopunda imo katika ile sindano moja ya magonjwa matano anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, Uganda na Kenya, bure. Ni sindano ile ile anayonyimwa mtoto wa dada yangu. Ndani yake mna pia kinga ya dondakoo, kifaduro, homa ya ini ya aina ya B, na bakteria wa Hib anayeleta homa ya uti wa mgongo. Na homa ya uti wa mgongo ikimwacha mtoto hai, mara nyingi humwacha kiziwi, au na kifafa, au na akili iliyodumaa. Surua nayo huweza kupanda kwenye ubongo. Rubella ikimpata mama mjamzito, mtoto huweza kuzaliwa kipofu, kiziwi, na mwenye dalili za usonji. Kwa maneno mengine, chanjo anazoziogopa shangazi zinazuia baadhi ya magonjwa yanayozaa watoto wa hali ya mjukuu wake.

Wamalaki wenyewe waliishia pabaya. Mwaka 1929, baada ya vuta nikuvute ya kuchanja watu dhidi ya tauni, serikali iliwapeleka uhamishoni viongozi wao wawili. Malaki alikufa mwaka huo huo huko Kitgum kwa kugoma kula. Nguvu haikuwafundisha kitu. Leo Uganda ina Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017, yenye kifungo hadi miezi sita kwa mzazi anayekataa, na moja ya sababu zake ni dhehebu jingine la mashariki hii hii linalokataa chanjo. Sidhani kama shangazi ataogopa jela. Mtu aliyekesha akimshika mjukuu wake asijigonge kichwa hatishwi na faini.

Na kabla hatujanyoosha kidole kwa Wamalaki, tukumbuke ya kwetu. Mwaka 2003 wakubwa wa Kano, Nigeria, Waislamu wenzetu, walisimamisha chanjo ya polio kwa miezi mingi wakisema ni njama ya kuwafanya wasichana tasa. Polio ikatoka Kano ikavuka mipaka, ikarudi katika nchi zilizokuwa zimekwisha kuisahau. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walisema karibu hivyo hivyo juu ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake. Hofu haina dhehebu.

Hata hili la usonji lina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha habari za watoto 12 tu, akihusisha chanjo ya surua na usonji. Ilibainika kwamba kazi ile haikuwa ya uaminifu. Mwaka 2010 jarida liliifuta, na yeye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa hesabu ya watoto 657,461: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Wakaangalia pia watoto wenye kaka au dada mwenye usonji. Hali ilikuwa ile ile. Hilo ndilo swali la nyumbani kwetu hasa, la mdogo wake mtoto mgonjwa. Na utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wadogo hao ndio wanaoachwa bila chanjo kuliko watoto wengine, pamoja na kaka zao wenye usonji. Dada yangu hayuko peke yake.

Nilirudi nyumbani mwezi uliofuata. Sikumpelekea shangazi hesabu ya Denmark. Nilimsimulia Kakungulu, kwa urefu, kuanzia tembo wa Kooki. Alifurahia zaidi sehemu ya Mwanga kukamatwa na mtu aliyempigania. Nilipofika kwenye pepopunda alininyamazisha. Kumbe aliwahi kufiwa na kitoto kichanga, wa tatu katika uzazi wake, aliyekakamaa siku ya saba na kushindwa kunyonya. Sikuwahi kuambiwa. Alinieleza kitovu kilikatwa kwa nini na kikapakwa nini, na akanitajia jina la mtoto yule.

Halafu aliniuliza kuhusu malaria, kwa sababu wanawake sokoni wanasema ng'ambo kuna sindano yake. Ni kweli. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019, na Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo, ingawa si kila sehemu yake. Uganda ilianza mwaka 2025. Tororo na Busia ni katika maeneo yaliyokuwa yakiumwa na mbu wa malaria kuliko karibu yote duniani, na malaria ikipanda kichwani huacha hasa yale tuliyoyaona: kifafa, ulimi uliofungika, mtoto asiyetulia. Nilimwambia kwamba kama mjukuu wake angezaliwa baadaye kidogo huenda angeikuta. Hakujibu. Alimwita dada amletee kadi ya kichanga, akaigeuza huku na huku ingawa hasomi, akaniuliza ni siku gani wanachanja.

Mbale, nilikopita nikirudi, wajukuu wa wafuasi wa Kakungulu wana kituo cha afya mjini tangu mwaka 2010, na wanaohudumiwa hapo ni Mayahudi, Wakristo na Waislamu. Jumatano dada alinitumia ujumbe: mtoto amechomwa ya kwanza, amelia sana, usiku amepata homa kidogo, na shangazi amekaa naye mpaka alfajiri akimhesabia pumzi. Ya pili ni baada ya wiki nne. Bado hawajakubaliana kama wataenda.